Karatasi ya Damu Inaposema Uwongo

Nani kati yetu hajashika mkononi karatasi iliyotoka maabarani, au laboratwari kama wengi wetu tusemavyo? Ni karatasi ndogo. Ina jina la mgonjwa, tarehe, na hesabu chache. Mgonjwa hawezi kuisoma, lakini anaitazama kama mtu atazamavyo barua ya hakimu. Hesabu ikiwa ndogo, anapumua. Ikiwa kubwa, jamaa zake wananyamaza. Na sisi sote twafikiri neno moja: damu imesema, na damu haisemi uwongo.

Neno hili ni kweli nusu tu. Damu yenyewe haina kinywa. Wanaosema ni wajumbe tuliowatuma kuiuliza, yaani dawa za kupimia na mashine zake; na wajumbe hao, mara chache lakini kweli, huleta jibu ambalo damu haikulitoa. Leo twataka kueleza historia ya kipimo kimoja, kile cha moyo, na jinsi waganga walivyogundua, kidogo kidogo na mara nyingine kwa hasara ya wagonjwa, kwamba chaweza kumshitaki mtu mwenye moyo mzima na kumwachilia yule ambaye moyo wake unakufa.

Moyo wa ng'ombe ulioulizwa juu ya kaswende

Tuanze mbali kidogo, kwa maana kosa hili ni la zamani kuliko mashine za leo. Mwaka 1906, huko Berlin, August von Wassermann na wenzake Albert Neisser na Carl Bruck walitangaza kipimo cha damu cha kutambua kaswende. Kwanza walitumia maini ya watoto waliozaliwa wafu kwa sababu ya ugonjwa huo, wakidhani kwamba nguvu ya kipimo yatoka kwa kijidudu kilichomo ndani yake. Kumbe sivyo. Baada ya muda mfupi ilionekana kwamba nyama isiyo na ugonjwa yafaa vilevile, na kwa miaka mingi kipimo kilifanywa kwa dawa iliyotolewa katika moyo wa ng'ombe. Mwaka 1941 Bibi Mary Pangborn, huko Marekani, alitenga katika moyo huo yale mafuta yaliyokuwa yakifanya kazi yote. Yakaitwa kadiolipini, yaani mafuta ya moyo.

Tuangalie maana yake. Mtu aliulizwa juu ya kaswende, na aliyeuliza ni moyo wa ng'ombe. Basi si ajabu kwamba watu wengine wenye malaria, au wenye ukoma, walijibiwa «ndiyo» nao hawakuwa na kaswende hata kidogo. Na mtu aliyeugua buba utotoni, ugonjwa uliokuwa mwingi katika nchi zetu za Afrika ya Kati, alionyesha jibu lilelile, kwa maana kijidudu cha buba na kile cha kaswende ni ndugu wa karibu sana. Mtu aliweza kuvunjiwa uchumba kwa karatasi kama hiyo, na wala hakuwa na neno la kujitetea.

Basi tuje kwa moyo wa mtu.

Mwaka 1912 mganga James Herrick wa Chicago alieleza kwamba mshipa unaolisha moyo ukizibika ghafula, mgonjwa hafi kila mara papo hapo. Wengine huishi, tena waweza kutambuliwa na kutunzwa. Kabla yake wengi waliamini kwamba ugonjwa huo hutambulika mezani pa wapasua maiti tu. Wakati ule mashine ya Willem Einthoven, Mholanzi, ilikuwa imekwisha kuanza kuandika umeme wa moyo juu ya karatasi. Mashine hiyo ilisaidia mno, na hata leo yasaidia. Lakini kuna wagonjwa ambao sehemu ya moyo wao yafa, na maandiko ya umeme hayaonyeshi jambo lililo wazi. Ndipo watu walipouliza: je, nyama ya moyo ikifa haiachi alama yo yote katika damu?

Jibu la kwanza lilitoka New York mwaka 1954. John LaDue, Felix Wróblewski na Arthur Karmen walionyesha kwamba enzimu moja iliyomo ndani ya chembe za moyo humwagika katika damu moyo ukiumia, kama vile mafuta yatokavyo katika chupa iliyopasuka. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini enzimu hiyo inakaa pia katika maini na katika nyama ya mikono na miguu. Mwenye homa ya manjano ya maini aliweza kuonekana kama mgonjwa wa moyo.

Wakatafuta alama nyingine. Mwaka 1959 Setsuro Ebashi na wenzake huko Tokyo waliona kwamba enzimu nyingine, iitwayo kreatini kinazi, hupanda katika damu ya watu ambao nyama zao za mwili zinadhoofika kwa ugonjwa. Mwaka uliofuata Wafaransa, ndio Jean-Claude Dreyfus na Georges Schapira na wenzao, waliionyesha katika damu ya wagonjwa wa moyo. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza, kwa maana maini hayanayo sana. Walakini ilikuwa na mzaha wake: mgonjwa akichomwa sindano ya dawa matakoni, nyama ya matako yaumia kidogo, na enzimu yapanda katika damu yake. Mganga mwenye huruma aliyempa mgonjwa sindano ya kutuliza maumivu kabla ya kumtoa damu alikuwa ameharibu ushahidi kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo, katika miaka ya 1970, walichagua aina moja tu ya enzimu hiyo, ile ambayo imo zaidi moyoni. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo twapenda kulisimulia, kwa sababu lilifungua macho ya wengi. Maabara nyingi zilipima aina hiyo kwa njia ya mkato: waliizima sehemu moja ya enzimu kwa dawa, wakapima iliyobaki, wakazidisha mara mbili. Sasa kuna watu, hasa wanawake wazee, ambao enzimu yao imeshikana na kingamwili za mwili wao wenyewe na kuwa fungu kubwa lisilozimika kwa dawa ile. Mashine ilihesabu fungu hilo lote, ikalizidisha mara mbili, ikaandika. Ikaonekana mara nyingine kwamba enzimu ya moyo ni nyingi kuliko enzimu zote za mwili zikiwekwa pamoja! Kidole kikawa kikubwa kuliko mkono. Hesabu kama hiyo haiwezekani, na mtu wa maabara mwenye akili alijua mara moja kwamba asiitume wodini. Lakini pale ambapo fungu lilikuwa dogo kidogo, hesabu ilionekana ya kawaida tu, na mama mzee alilazwa kitandani kwa ugonjwa asio nao.

Chumba cha mafagio cha Bronx

Hapa hatuna budi kusimama na kueleza kazi ya watu wawili, kwa maana bila wao vipimo vya leo visingekuwapo, wala kosa letu lisingeeleweka.

Rosalyn Yalow alikuwa binti wa Kiyahudi wa New York, mwenye elimu ya fizikia. Mwaka 1947 aliingia kufanya kazi katika hospitali ya askari wastaafu huko Bronx. Hawakuwa na maabara ya kumpa. Alipewa chumba ambamo mfanya usafi alikuwa akiweka mafagio yake. Mwaka 1950 akajiunga naye mganga Solomon Berson, nao wakafanya kazi pamoja zaidi ya miaka ishirini.

Walitaka kujua insulini hukaa muda gani katika damu ya mgonjwa wa sukari. Siku zile insulini ilitolewa kwa ng'ombe na nguruwe. Waliitia alama ya mnururisho, wakaichoma kwa watu, wakaona jambo la ajabu: kwa wagonjwa waliokwisha kutumia insulini muda mrefu, ile yenye alama haikuondoka upesi. Kitu fulani katika damu kiliishika. Walitambua kwamba ni kingamwili. Mwili wa mtu ulikuwa umeona kitu cha mnyama, umekitambua kuwa ni mgeni, umetengeneza askari wa kukikamata.

Wataalamu wa wakati ule hawakukubali. Walisema insulini ni ndogo mno, mwili hauwezi kuitengenezea kingamwili. Andiko lao lilikataliwa, na lilipochapwa mwaka 1956 ilibidi waondoe neno lenyewe katika kichwa cha habari. Lakini Bibi Yalow na Bwana Berson hawakuacha. Wakawaza: kama kingamwili yaweza kushika insulini kwa uaminifu hivi, kwa nini tusiitumie kama kipimo? Karibu na mwaka 1960 walionyesha njia ya kupima kwa kingamwili vitu vidogo sana ndani ya damu, ambavyo hakuna mizani iliyoweza kuvipima. Berson alikufa mwaka 1972. Yalow alipata tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Twaomba msomaji ashike jambo hili moja. Kipimo kizima kilizaliwa kwa kuwa damu ya watu ilikuwa na kingamwili dhidi ya kitu cha mnyama. Jambo hilohilo, kingamwili za watu dhidi ya wanyama, ndilo litakalorudi baadaye kukisumbua kipimo.

Mikono miwili na mshenga

Mwaka 1975, huko Cambridge nchini Uingereza, Georges Köhler na César Milstein walipata njia ya kutengeneza kingamwili za namna moja tu, kwa wingi, bila mwisho. Walitumia chembe za panya. Tangu hapo panya wakawa mafundi wakubwa wa maabara za dunia, pamoja na mbuzi na sungura wa zamani.

Na kitu cha kupimwa kilikuwa tayari. Yule Ebashi wa Tokyo, aliyekuwa na kreatini kinazi mwaka 1959, katika miaka ya 1960 aligundua pamoja na wenzake protini inayoamrisha nyama kujikaza na kulegea. Ikaitwa troponini. Troponini ya moyo si sawa kabisa na ile ya mkono au mguu. Mwaka 1987 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walieleza kipimo cha troponini aina ya I. Mwaka 1989 Hugo Katus na wenzake wa Heidelberg, Ujerumani, walieleza kile cha troponini aina ya T. Mwaka 2000 vyama vya waganga wa moyo wa Ulaya na wa Marekani viliiweka troponini katikati ya maana yenyewe ya ugonjwa huu: nyama ya moyo iliyokufa yatambulikana kwa troponini katika damu, pamoja na dalili nyingine. Kabla ya hapo troponini ilikuwa shahidi mmoja kati ya wengi. Tangu mwaka ule imekuwa shahidi mkuu.

Kipimo chafanyaje kazi? Tufikiri mikono miwili. Mkono wa kwanza ni kingamwili iliyofungwa chini, mara nyingi ya panya. Unaishika troponini damu ikipita. Mkono wa pili ni kingamwili nyingine, nayo yachukua taa. Unaishika troponini ileile upande wa pili. Kisha vyote visivyoshikwa vyaoshwa na kumwagwa. Taa zilizobaki zahesabiwa na mashine. Mwanga mwingi, troponini nyingi. Hakuna troponini, hakuna cha kuunganisha mikono miwili, na taa zote zachukuliwa na maji.

Ni akili nzuri sana. Lakini yategemea sharti moja ambalo hakuna aliyeliandika: kwamba ndani ya damu hakuna kitu kingine kinachoweza kuishika mikono hiyo miwili.

Nacho kipo kwa watu wengine. Kuna watu ambao damu yao ina kingamwili zinazoshika kingamwili za wanyama. Wengine walizipata kwa kuishi karibu na wanyama. Wengine walichomwa sindano ya seramu ya farasi kwa sababu ya nyoka au ya pepopunda. Wengine walitibiwa kwa dawa iliyotengenezwa kwa panya. Dawa ya kwanza ya namna hiyo, ya kuzuia mwili usikatae figo ya kupandikizwa, iliruhusiwa Marekani katikati ya miaka ya 1980. Na wengi hawajui kabisa wamezipata wapi. Zaidi ya hayo, wagonjwa wa baridi yabisi mara nyingi wana kingamwili inayoshika kingamwili nyingine. Mnorwe Erik Waaler aliieleza tangu mwaka 1940, kwa kutazama jinsi seramu ya mgonjwa inavyogandisha chembe za damu za kondoo.

Kingamwili ya namna hii ikiingia katika kipimo, inashika mkono wa kwanza kwa upande mmoja na mkono wa pili kwa upande mwingine. Taa inabaki. Mashine inaona mwanga, inaandika troponini. Ni kama mshenga aliyeunganisha koo mbili, mahari yakahesabiwa, pombe ikanywewa, na bibi arusi hayupo.

Katika miaka ya 1990, mara tu kipimo kilipoenea, habari za wagonjwa wa namna hiyo zilianza kuandikwa katika magazeti ya waganga. Tufikiri mama mwenye baridi yabisi, anakuja hospitalini kwa maumivu ya kifua. Maandiko ya umeme ni mazuri. Troponini ni kubwa. Wanapitisha mpira mwembamba mshipani mpaka moyoni, wanatazama: mishipa ni safi. Wanapima tena kesho yake: hesabu ni ileile. Wiki ijayo: ileile. Wanampa dawa za kuzuia damu isigande, ambazo zaweza kumtoa damu tumboni au kichwani. Anarudi nyumbani na jina la mgonjwa wa moyo. Haendi tena shambani, watoto wanamkataza kubeba maji. Wala moyo wake hauna kitu.

Yatupasa kuwa wa haki hapa. Troponini kubwa kwa mtu asiye na mshipa ulioziba si uwongo kila mara. Figo zikiharibika, moyo ukiwa na uvimbe, damu ikiganda mapafuni, maradhi makali ya damu: hayo yote huumiza moyo kweli, na kipimo chasema kweli. Sisi twasema juu ya hesabu ambayo haikutoka moyoni kamwe. Na si kingamwili tu zinazoifanya. Damu ambayo haikuganda sawasawa kabla ya kuzungushwa huacha nyuzi ndogo ndogo, nazo hunasa taa. Kipimo cha kwanza cha troponini T chenyewe kilikuwa na mkono uliochanganya nyama ya moyo na nyama nyingine za mwili, hata wagonjwa wa misuli wakaonekana wagonjwa wa moyo. Ulibadilishwa katika miaka ya 1990.

Wanawake kumi na wawili

Kama mtu afikiri kwamba twatia chumvi, asikie habari ya kipimo kingine chenye mikono miwili, kile cha mimba. Homoni ya mimba huonekana pia katika saratani moja ya kizazi. Mwaka 2000 Siegfried Rotmensch na Laurence Cole walichapa katika gazeti la waganga la Lancet habari za wanawake 12 ambao karatasi zao zilionyesha homoni hiyo muda mrefu. Waganga waliwatibu kwa saratani. Wengi walipewa dawa kali za sumu, au walipasuliwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na saratani hiyo. Ilikuwa kingamwili katika damu yao, basi. Na jambo lenye kuuma ni kwamba ushahidi wa kuwaokoa ulikuwa karibu sana: kingamwili hizo ni kubwa, hazipiti figoni, kwa hiyo mkojo wao haukuwa na homoni yo yote. Ilitosha kupima mkojo.

Upande mwingine: shahidi aliyezibwa kinywa

Mpaka hapa tumesema juu ya kumshitaki asiye na kosa. Lakini kuna kosa la pili, nalo latutisha zaidi, kwa maana halipigi kelele. Ni pale ambapo moyo unakufa na karatasi yasema hapana neno.

Mwaka 1996 kulionekana habari ya kwanza ya mgonjwa ambaye troponini yake ilifichwa na kingamwili za mwili wake mwenyewe. Zilikuwa zimeikumbatia troponini, mikono ya kipimo ikakosa mahali pa kushika. Mwaka 2005 watafiti wa Finland walionyesha kwamba kingamwili hizi dhidi ya troponini si jambo la mtu mmoja tu. Tangu hapo watengenezaji wamejaribu kuchagua mahali pa kushika pasipofunikwa upesi.

Jambo jingine lilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia: jikoni, katika yai la kuku.

Mwaka 1927, huko London, Bibi Margaret Boas aliwalisha panya ute mweupe wa yai ulio mbichi. Ngozi yao iliharibika, manyoya yakang'oka. Baadaye ilijulikana kwamba ute huo una protini, nayo ikaitwa avidini, ambayo hukamata vitamini moja, biotini, na kuishika kwa nguvu isiyo na mfano. Panya wale walikuwa na biotini tumboni lakini hawakuweza kuitumia. Tangu hapo kijidudu kimoja cha udongoni kimeonekana kutengeneza protini ya namna hiyohiyo. Mafundi wa maabara wakafurahi: hapa pana gundi bora kuliko zote! Wakatia biotini kwenye mkono wa kwanza wa kipimo, wakapaka ile protini ya kijidudu kwenye chembe ndogo za sumaku. Mkono hunata kwenye sumaku, na hauoshwi na maji. Kampuni nyingi ziliufuata ufundi huo, na kwa miaka mingi ulifanya kazi bila matata.

Kisha watu wakaanza kumeza biotini. Mwili wahitaji kidogo sana, mikrogramu 30 hivi kwa siku, na chakula cha kawaida chaitosha. Lakini yauzwa vidonge vya kukuza nywele na kuimarisha kucha, vingine vya miligramu 10, yaani zaidi ya mara 300 ya kiasi hicho. Waganga wengine walijaribu kuwapa wagonjwa wa mishipa ya fahamu miligramu 300 kwa siku. Damu ya mtu huyo ikiingia katika kipimo, biotini yake hujaza nafasi zote za gundi. Mkono wa kwanza unakosa mahali pa kunata. Umeshika troponini kweli, na taa imewaka, lakini vyote pamoja vinaoshwa na kumwagwa. Mashine yaona giza. Yaandika hesabu ndogo, nzuri, ya kumfurahisha kila mtu.

Tarehe 28 Novemba 2017 shirika la serikali ya Marekani lisimamialo vyakula na dawa liliwaonya waganga na wagonjwa juu ya jambo hili. Katika onyo hilo liliandika kwamba mgonjwa mmoja aliyekuwa akitumia biotini nyingi alikufa baada ya kipimo kuonyesha troponini ndogo kuliko ilivyokuwa kweli. Mwaka 2019 likakumbusha tena, kwa maana taarifa zilizidi kuja. Haikuwa sumu, wala dawa mbaya. Ilikuwa vitamini, inayouzwa bila cheti cha mganga, na watu wengi hawaihesabu hata kuwa dawa.

Namna ya kumhoji shahidi

Je, maabara ifanyeje? Njia ni nyingi, na nyingine ni rahisi hata za kushangaza.

Ya kwanza ni kungoja saa chache na kupima tena. Moyo uliopigwa kweli humwaga troponini inayopanda kwa saa, kisha inashuka kwa siku. Kingamwili ya mshenga haina saa: hesabu yake hukaa palepale kama jiwe. Ndiyo sababu maelezo ya waganga wa dunia yote, yale ya 2007, 2012 na 2018, yadai hesabu yenye kupanda au kushuka pamoja na dalili za ugonjwa, wala si hesabu moja peke yake.

Ya pili twaipenda zaidi, kwa maana hata mpishi ataielewa. Chukua maji yenye chumvi, ongeza maji safi kiasi kilekile: chumvi yapungua nusu. Troponini ya kweli hufanya hivyo. Seramu ikiongezwa maji mara mbili, hesabu yashuka nusu. Mara nne, robo. Lakini mshenga hafuati hesabu hiyo. Mara nyingi hubaki juu, au hutoweka ghafula. Kwa ndoo ya maji, kwa kusema, uwongo umeshikwa.

Ya tatu ni kupeleka damu ileile kwa mashine ya kampuni nyingine, yenye mikono ya namna nyingine. Majibu yakipishana sana, kuna jambo. Ya nne ni kutia katika seramu kingamwili nyingi za panya zisizo na kazi, ili mshenga ashughulike nazo na kuiacha mikono. Watengenezaji hutia dawa hiyo tangu kiwandani. Wengine hukata mkia wa kingamwili zao, kwa kuwa mshenga hupenda kushika mkiani. Basi makosa haya yamepungua sana kuliko miaka ya 1990. Hayakwisha.

Kwetu kuna sababu ya pekee ya kuangalia. Ugonjwa wa malale, ambao sasa umepungua sana katika Kongo, huijaza damu kingamwili nyingi za kila aina, hata zile zinazogandisha chembe za damu za kondoo. Wataalamu waliliona jambo hilo tangu katikati ya karne ya 20. Malaria nayo huichochea damu vivyo hivyo. Na vipimo vya moyo hubuniwa na kujaribiwa zaidi katika nchi ambazo maradhi hayo hayapo. Hospitali nyingi za ndani hazina mashine kubwa. Penye troponini, mara nyingi ni kijikaratasi cha tone moja la damu, chenye mistari miwili. Kijikaratasi hicho nacho chatumia mikono miwili ileile. Nacho hakina mashine ya pili ya kukihoji. Kina muuguzi tu, aliyemwona mgonjwa, aliyemgusa kifua, aliyemwuliza maumivu yalianza lini. Muuguzi huyo akiona karatasi na mgonjwa havipatani, asione haya kurudi maabarani na kusema: pimeni tena, na sasa mwongeze maji.

Na mgonjwa naye anaweza kusaidia. Kampuni kadhaa zimekwisha kubadili vipimo vyao ili biotini isiviharibu, lakini mashine za zamani hazitupwi upesi. Basi akiulizwa ni dawa gani anazotumia, asitaje zile za mganga tu. Aseme kama ana baridi yabisi. Aseme kama alichomwa seramu mwaka ule aliumwa na nyoka. Ataje hata vile vidonge vya nywele alivyoletewa na shemeji kutoka Ulaya, vilivyo katika chupa nzuri juu ya kabati.